Nyuzi za gitaa nililounda mwenyewe zimepanda: nishushe mfupa wa daraja au nifungue shingo?

Mwanagenzi wa Randa

Habari za kazi, mafundi. Mimi ni seremala wa milango na madirisha kwa miaka kadhaa sasa, lakini gitaa hili ni la kwanza kuliunda kwa mikono yangu, katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ninachokitumia kama karakana. Kazi ilinichukua miezi saba ya jioni na siku za mapumziko. Ni gitaa la nyuzi za chuma, na urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa daraja, yaani vile vipande viwili vyembamba ambavyo nyuzi hupita juu yake, ni milimita 645. Ubao wa uso ni sprusi niliyoipunguza kwa randa hadi milimita 2.8, mbavu na mgongo ni mkangazi, na daraja, kile kipande kilichobandikwa juu ya uso ili kushika nyuzi, nimelichonga kutoka kipande cha mpingo. Shingo imeingizwa kwa ulimi na kukazwa kwa bolti mbili, na ndani yake nimelaza nondo ya kurekebishia mpindo wake.

Siku nilipofunga nyuzi kwa mara ya kwanza, uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ulikuwa milimita 2.5 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), jambo lililonifurahisha kwa kuwa ndicho kipimo nilichokikusudia. Leo, miezi mitatu baadaye, uzi huohuo uko juu kwa milimita 4 kamili. Karibu na kichwa bado ninaweza kupiga bila taabu, ila nikipita freti ya saba vidole vinauma, na noti zinapanda kuliko zinavyotakiwa, kwa sababu uzi unavutika mno kabla haujaigusa freti. Nafasi za freti sizitilii shaka: nilizipiga hesabu kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817 kila hatua, ya kwanza ikaangukia milimita 36.2 kutoka mfupa wa kichwani, na ya 12 ikaangukia katikati kabisa, milimita 322.5.

Nimekaza nondo ya shingo kwa robo ya mzunguko, sikuona badiliko la maana, nikaogopa kuendelea. Ninachowaomba ni ushauri: nisage mfupa wa daraja ili nyuzi zishuke, nizidi kukaza nondo, au nifungue shingo nibadilishe pembe yake? Mfupa wa daraja umejitokeza juu ya daraja kwa milimita 3.5 hivi.

Mzee wa Patasi

Karibu, mwanangu, na hongera, maana gitaa la kwanza linalolia noti sahihi ni kazi kubwa hata kama nyuzi zake zimepanda. Kabla hujasaga chochote, nakusihi uweke tupa chini. Mfupa ukishausaga haurudi, na kwa vipimo ulivyotoa usagaji huo utakuachia gitaa bovu zaidi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kila milimita 2 unazozitoa kwenye mfupa wa daraja hushusha uzi kwa milimita 1 tu pale kwenye freti ya 12. Wewe unataka kushusha milimita 1.5, maana yake utoe milimita 3 kwenye mfupa uliojitokeza kwa milimita 3.5. Utabakiwa na nusu milimita, nyuzi zitapita juu ya mfupa karibu zikiwa zimelala bila kuukandamiza, na sauti itafifia.

Nondo nayo usiidai kazi isiyo yake. Nondo hurekebisha mpindo wa shingo kati ya kichwa na mahali inapoingia kwenye sanduku, basi. Haiwezi kuinua wala kushusha pembe ya shingo dhidi ya sanduku, na haiwezi kabisa kuushughulikia ubao wa uso uliovimba. Ukiikaza ukitafuta kitu ambacho haiwezi kukupa, utaipinda shingo kinyumenyume, nyuzi zianze kugonga freti za mwanzo, na bado zitakuwa juu kule unakolalamikia.

Sasa tutenganishe mambo. Uzi ukipanda, ama shingo imepinda mbele, ama shingo nzima imeinamia upande wa nyuzi, ama daraja limenyanyuliwa na ubao lililokalia. Mara nyingi ni mchanganyiko wa hayo. Anza na mpindo wa shingo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, uubonyeze pia pale shingo inapokutana na sanduku, kisha utazame nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba. Vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia nafasi za valvu vinafaa sana kwa kazi hii. Ukipata kitu kama milimita 0.2 hadi 0.25, shingo iko sawa na uiache.

Halafu chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, uilaze juu ya freti katikati ya shingo, uisukume hadi ncha yake ifike kwenye daraja. Katika gitaa lililokaa vizuri ncha hiyo hugusa ukingo wa juu wa daraja, au hupita juu yake kwa unywele. Tuambie kwako inagota wapi. Mwisho, laza rula fupi ubaoni kwa kukata upana, nyuma ya daraja kwanza, kisha mbele yake kuelekea kwenye tundu la sauti. Usishtuke ukikuta mwinuko kidogo, kwa kuwa wengi wetu huyapa mataruma, vile vijiti vinavyobandikwa ndani kuutia ubao nguvu, umbo la upinde mpana sana, wenye nusukipenyo cha mita 7 au 8, ili ubao usilale bapa. Unachotafuta ni mwinuko mkali nyuma ya daraja unaokwenda pamoja na bonde mbele yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba daraja linabinuka.

Usisahau ni mzigo wa namna gani ubao huo unabeba. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 73, mchana na usiku, na kinachopokea ni ubao wa milimita 2.8 pamoja na vijiti ulivyoubandikia kwa ndani.

Kijiti

Mimi ningesaga mfupa kwa milimita 1, nifunge nyuzi nyembamba zaidi, na niendelee kupiga. Gitaa la kwanza ni la kujifunzia, hakuna haja ya kulifanyia upasuaji.

Mama Kalibu

Ndugu Kijiti, gitaa la kujifunzia ndilo hasa linalofaa kufanyiwa upasuaji, kwa sababu ndilo tunaloweza kuliharibu bila kulia. Ila ushauri wa nyuzi nyembamba nauunga mkono kama dawa ya muda, maana utapunguza mzigo wakati mwenzetu anatafuta ugonjwa.

Kwa mwenye swali: Mzee amekueleza vipimo vizuri, nami sina la kuongeza hapo. Ninaloliona halijaguswa ni hewa. Uliyabandika mataruma wakati gani, wa ukavu au wa mvua? Na sasa hewa ya chumba chako ikoje? Mbao haiachi kuvuta na kutoa unyevu hata ikishapakwa vanishi, na inapovimba hupanuka kwa upana wake, haiongezeki urefu kwa kiasi cha kuhesabika. Ubao wa uso wenye upana wa milimita 400, unyevu uliomo ndani ya mbao ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 12, hutaka kupanuka kwa milimita 2 au zaidi kidogo, na hapo ninazungumzia ubao uliopasuliwa vizuri kuelekea kiini cha gogo. Uliopasuliwa ovyo hupanuka karibu mara mbili ya hapo. Sasa mataruma yamelala kukata upana huo, nayo hayarefuki. Ubao unataka kwenda, vijiti vimeushika, basi njia iliyobaki ni kutunisha tumbo. Daraja linapanda pamoja na tumbo, na nyuzi zinapanda pamoja na daraja.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Aliyebandika mataruma hewa ikiwa na unyevu mwingi ataona ubao ukinywea wakati wa ukavu, nyuzi zikishuka hadi kugonga freti, na siku moja usiku atasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika: ubao umepasuka kufuata mkondo wa nyuzinyuzi zake. Mimi niliusikia mlio huo nikiwa kitandani, na nilijua ni nini kabla sijawasha taa. Tangu siku hiyo sibandiki mataruma mpaka kipimaunyevu cha hewa kinionyeshe kati ya asilimia 45 na 50 kwa siku kadhaa mfululizo, hata kama kazi italala majuma mawili.

Kipimaunyevu cha bei nafuu kinatosha mradi ukijaribu kwanza. Tia chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote, uiweke pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache kwa saa 12 au zaidi. Hewa ya mle ndani hutulia kwenye asilimia 75. Kama chako kinasoma 69, umejua kwamba kinapunguza 6, na utaiongeza kila unapokisoma.

Mwanagenzi wa Randa

Shikamoo Mzee, na ahsante sana Mama Kalibu. Nimefanya yote mliyoniagiza na haya ndiyo niliyoyapata.

Mpindo wa shingo kwenye freti ya saba ni milimita 0.25, kwa hiyo nondo nimeiacha. Rula ya chuma inagota kwenye uso wa mbele wa daraja, milimita 3 chini ya ukingo wake wa juu. Naapa kwamba siku ya kwanza ilikuwa ikigusa ukingo wenyewe, maana nilipima mara tatu kabla ya kubandika daraja. Nyuma ya daraja kuna tumbo linaloonekana hata kwa jicho ukilitazama gitaa kwa ubavu, na mbele yake, upande wa nyuzi nene, kuna bonde ambalo kipande cha karatasi nene kinapita chini ya rula.

Kuhusu hewa, mataruma niliyabandika wakati wa ukavu, ingawa kipimo sikuwa nacho, hivyo siwezi kutaja namba. Kipimaunyevu nilichonunua juzi kilisoma 71 katika jaribio la chumvi, na leo chumbani kinasoma 68, kwa hiyo hewa yangu ya kweli ni asilimia 72.

Nimefanya na jaribio moja la kwangu. Nililegeza nyuzi zote jioni, nikalegeza na nondo kidogo ili shingo isipinde kinyume, na asubuhi nikarudisha rula. Ilikuwa imepanda hadi milimita 1 chini ya ukingo. Nilipozikaza tena, jioni ilikuwa imerudi kulekule kwenye 3.

Mzee wa Patasi

Marahaba. Hilo jaribio lako la mwisho linanisaidia kuliko mengine yote, na sikukuagiza, kwa hiyo nakupongeza mara ya pili.

Kwanza tazama hesabu inavyokubaliana. Uzi umepanda milimita 1.5 kwenye freti ya 12, rula imeshuka milimita 3 kwenye daraja. Ni ileile mara mbili niliyoitaja, na inamaanisha vipimo vyako ni vya kuaminika. Katika hizo 3, 1 inabaki hata mzigo ukiondolewa, na hiyo niko tayari kumwachia Mama Kalibu na unyevu wake. Lakini 2 zinakuja na kwenda pamoja na mvuto wa nyuzi. Gitaa lolote hupumua ukilegeza nyuzi, ila pumzi ya milimita 2 ni kubwa mno. Ubao wako hauna uti. Ama mataruma umeyachonga yakawa membamba kupita kiasi, ama kuna kiungo kilichoachia.

Tueleze ndani kukoje. Ulifuata mpangilio gani, kimo cha mataruma ni kipi, na pale mawili makubwa yanapopishana uliyaungaje? Halafu ulegeze nyuzi, uingize kioo kidogo na taa kupitia tundu la sauti, na uchukue ukanda wa karatasi nyembamba, ile ya risiti inafaa, ujaribu kuupenyeza kati ya kila taruma na ubao, hatua kwa hatua, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usitumie macho peke yake, kwa kuwa gundi iliyochuruzika pembeni huweza kuonekana nzima kumbe kiungo chenyewe kimeachia.

Mwanagenzi wa Randa

Nimejilaza sakafuni na taa mdomoni kwa muda wa saa nzima, na nimepata majibu ambayo yananitia aibu kidogo.

Mpangilio ni ule wa mataruma mawili makubwa yaliyopishana kama herufi X kati ya tundu la sauti na daraja. Mwanzoni yalikuwa na kimo cha milimita 16 na upana wa milimita 8, lakini kabla ya kufunga sanduku nilikuwa nikiugonga ubao kwa kidole na kuusikiliza, na kila nilipopunguza kidogo kwa patasi niliona unaitika vizuri zaidi, basi nikaendelea. Nadhani niliishia kwenye milimita 13. Mkato wa pale yanapopishana niliukata kwa msumeno, nusu ya kimo kwa kila taruma, na mmoja ukawa mpana kuliko unavyotakiwa. Nilichanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe nikaziba pengo, kama tunavyofanya kwenye fremu za madirisha.

Ukanda wa karatasi unapita chini ya mguu mmoja wa X, upande wa nyuzi nene, kuanzia kwenye makutano hadi karibu na daraja, urefu wa kama milimita 40. Na pale kwenye makutano, ile ziba yangu ya vumbi imepasuka katikati: nikibonyeza ubao kwa nje, ninauona ufa ukifunguka na kufumba kwenye kioo kama mdomo wa samaki.

Mzee wa Patasi

Basi mgonjwa tumempata. Usione aibu, mimi nina gitaa moja ukutani lililokufa kwa ugonjwa huohuo, na nimeliacha pale makusudi.

Ngoja nieleze kwa nini ufa mdogo hivyo unaleta madhara makubwa hivyo. Ugumu wa taruma hufuata mchemraba wa kimo chake. Ukilishusha kutoka milimita 16 hadi 13, hukulipunguza kwa sehemu ndogo kama macho yanavyodhani. Umebakiwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya ugumu wa awali. Sasa fikiria makutano. Pale kila taruma limekatwa hadi nusu ya kimo, na kimo kikiwa nusu, ugumu ni sehemu moja ya nane. Kama kiungo kimekaza kama kabari, taruma moja hujaza mkato wa jingine, na yote mawili hufanya kazi kana kwamba hayajakatwa. Kama kimelegea, mahali panapotakiwa kuwa pagumu kuliko pote, hatua chache tu kutoka kwenye daraja, pamekuwa bawaba. Taruma lenye mkato unaotazama ndani ya sanduku ndilo linaloumia zaidi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake za mbali na ubao, ambazo ndizo hubeba kazi, zimekatika. Ndiyo maana upande huo hufunikwa kwa kipande cha mbao au kitambaa kilicholoweshwa gundi. Hukuniambia kama uliuweka mfuniko huo, na kwa jinsi ulivyoeleza kioo chako, nadhani hukuweka.

Na gundi nyeupe haijazi pengo, hata uichanganye na vumbi kiasi gani. Kwenye fremu ya dirisha hakuna kinachovuta mchana na usiku. Hapa kuna mvuto usiokoma, na gundi hiyo ikiwa nene hutambaa taratibu chini ya mzigo, tena haraka zaidi penye joto.

Sikulaumu kwa kugonga na kusikiliza. Sisi sote tunapenda ubao mwepesi, na tuna sababu. Yule Mhispania Antonio de Torres, ambaye magitaa ya klasiki ya leo yanafuata vipimo vyake, mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mbavu na mgongo wa karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ili kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye ubao wa uso. Lipo hadi leo katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Lakini Torres alikuwa akifunga nyuzi za utumbo wa wanyama, ambazo mvuto wake ni mdogo kuliko wa chuma. Mpangilio wa X nao ulianza kutumika Marekani katika miaka ya 1840, wakati wa nyuzi hizohizo za utumbo, na ulipata kazi yake ya kweli nyuzi za chuma zilipoingia, kwa sababu ndio uliouhimili mvuto wake. Ukiulegeza katikati, umeuondolea hiyo sababu.

Mama Kalibu

Nakubali, Mzee, kwamba kiungo ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya lawama; nilidhani unyevu peke yake ungetosha. Hata hivyo naomba matengenezo yasianze kesho. Ukiubandika ubao ukiwa umevimba kwenye hewa ya asilimia 72, utakuwa umeufunga katika uvimbe wake, na hewa ikikauka utaniandikia kuhusu ufa. Liweke gitaa, nyuzi zikiwa zimelegezwa, ndani ya kasha linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu na kile kipimaunyevu, usubiri lisome karibu na 50 na likae hapo kwa juma zima. Usilianike juani wala usiliweke karibu na moto. Upande unaokauka haraka utapasuka kabla ule mwingine haujajua kinachoendelea.

Kuhusu gundi ya kutengenezea kuna jambo la kuangalia. Gundi nyeupe mpya haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Ungekuwa umetumia gundi ya ngozi, ile inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama, tangu mwanzo, kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa mpya huiyeyusha ya zamani na kuungana nayo. Kwako wewe, itabidi ukwangue kadiri mkono unavyofika. Mimi hukunja ncha ya kisu chembamba iwe kama ndoano, nikakwangua kwa kuvuta, na kufagia vumbi kwa brashi ya kuchorea.

Mzee wa Patasi

Sawa kabisa, isipokuwa kwenye makutano. Pale pengo lipo, na kwa hiyo ningetumia gundi ya sehemu mbili, ile ya kuchanganya, iliyo nzito, kwa kuwa hiyo hujaza pengo na kubaki ngumu. Chini ya mguu wa X ulioachia, penyeza gundi ya kawaida kwa ukanda wa plastiki nyembamba, ukiusukuma na kuuvuta hadi uone gundi ikitokeza upande wa pili. Kisha mfuniko: kipande cha sprusi chenye unene wa milimita 3 na urefu wa milimita 30, mkondo wake ufuate mkondo wa taruma lililokatwa, ukibandike juu ya mkato.

Ubanaji ndio unaosumbua, maana jiriwa za kawaida hazifiki. Chukua bolti fupi yenye nati ndefu, iwe kama jeki ndogo, uisimamishe ndani kati ya mgongo na taruma. Chini yake weka kibao kinachokalia mataruma mawili ya mgongo, ama sivyo utautoboa mgongo au kuutunisha. Kwa nje ya uso weka kibao bapa chenye mzigo, ili jeki inaposukuma taruma kwenda juu ubao usikimbie. Jaribu yote hayo bila gundi kwanza, hata mara tatu. Gundi ikishapakwa huna muda wa kutafuta nati iliyodondokea ndani ya sanduku. Mimi nimewahi kuitikisa kwa dakika kumi na tano huku gundi ikikauka.

Mwanagenzi wa Randa

Nimerudi baada ya majuma saba, na nawaomba radhi kwa ukimya.

Gitaa lilikaa kwenye kasha kwa siku 16. Kipimaunyevu kilipotulia kwenye 49, tayari nikiwa nimejumlisha zile 4 zake, rula bila mvuto wa nyuzi ilikuwa imepanda hadi nusu milimita chini ya ukingo. Kwa hiyo Mama Kalibu alichukua nusu ya ile milimita 1 yake, na nusu nyingine nadhani ni ubao uliokwisha kuzoea kupinda. Nilikwangua gundi kwa kisu kilichokunjwa, nikafanya jaribio kavu mara nne, na nati ikadondoka mara mbili, zote kabla ya gundi. Makutano nimeyajaza kwa gundi ya sehemu mbili, mguu nimeubandika upya, na mfuniko nimeuweka. Niliacha siku tatu kabla ya kufunga nyuzi, na nimefunga zilezile za unene wa kawaida, kwa sababu nilitaka kujua ukweli.

Leo ni siku ya 21 chini ya mvuto kamili. Rula inagota milimita 0.6 chini ya ukingo wa daraja na haijasogea tangu siku ya nne. Uzi wa sita uko milimita 2.8 kwenye freti ya 12. Tumbo la nyuma ya daraja bado linaonekana ukilitafuta. Lile bonde la mbele limetoweka. Sauti imebadilika pia: besi imepungua kidogo, lakini noti za juu zinakaa muda mrefu zaidi kabla ya kufa, na mke wangu, ambaye hakuambiwa lolote kuhusu mataruma, aliuliza kama nimenunua gitaa jingine.

Mzee, sasa naomba ruhusa ya kusaga milimita 0.6 kwenye mfupa wa daraja.

Mzee wa Patasi

Ruhusa unayo. Chora mstari kwa penseli iliyochongwa kali, usage kwa upande wa chini na si wa juu, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, na usimame ukiwa bado unauona mstari.